Behewa likiacha njia, tazameni bogi kabla ya kuongeza uzito

Mhariri,

Ukurasa wenu wa kazi za mikono ulishauri kwamba behewa la mizigo la treni ya mfano linaloacha njia mara kwa mara liongezwe uzito. Ushauri huo unawapotosha wanaoanza. Uzito hulifaa behewa lililo jepesi mno, lakini hauponyi bogi iliyofungwa vibaya. Nikisema bogi simaanishi behewa zima, kama wengi wanavyoliita, bali kile kigari cha ekseli mbili kinachogeuka chini yake.

Kosa kubwa liko kwenye skrubu inayofunga bogi chini ya sakafu ya behewa. Watu hukaza bogi zote mbili sawasawa wakidhani huo ndio uimara. Reli ikiinuka kidogo upande mmoja, gurudumu moja hubaki hewani, na likifika penye njia panda hupanda juu ya reli. Bogi moja ikazwe kiasi cha kugeuka na kuinama mbele na nyuma tu, bila kuyumba kushoto wala kulia. Ya pili ilegezwe takriban nusu mzunguko zaidi ili iyumbe pande zote. Hapo behewa linakaa kama kigoda cha miguu mitatu, ambacho hutulia hata kwenye ardhi ya mabonde. Skrubu ya M2 (kipenyo cha 2 mm) inatosha: toboa tundu la 1.6 mm sakafuni ulikate hesi, na la 2.2 mm kwenye bogi. Tundu la sakafuni likienda mshazari, liziibe na utoboe upya, kwa sababu hakuna washa, yaani kipete bapa cha skrubu, itakayolinyoosha.

Wengine hukosea mapema zaidi, kwenye kuchagua. OO na HO, vipimo viwili vya treni za mfano, hupita kwenye njia ileile yenye 16.5 mm kati ya reli, basi mtu huona bogi zake ni zilezile. Sivyo: OO ni 1:76 ya treni halisi, HO ni 1:87. Ekseli ya OO yenye ncha kali huwa na urefu wa karibu 26 mm, na za HO nyingi ni fupi kuliko hiyo. Fupi ikiwekwa kwenye fremu pana hucheza na behewa likalala upande. Ndefu huitanua fremu, na magurudumu yakaburuzwa badala ya kuzunguka. Pimeni kwa kalipa (kipimio chenye taya mbili), msiamini macho.

Behewa halisi nalo lina lake. Bogi ya Ulaya ya Y25 ina mita 1.8 kati ya ekseli na magurudumu ya 920 mm. Kwa HO ni 20.7 mm na 10.6 mm. Mabehewa ya Marekani ya tani 70 hutumia gurudumu la inchi 33, yaani 9.6 mm kwa HO, na ya tani 100 inchi 36, yaani 10.5 mm. Ukibadili kubwa kwa dogo, behewa linashuka karibu nusu milimita na viungio vyake na vya behewa la jirani havikutani tena sawasawa. Washa ya 0.5 mm hurudisha kimo.

Nafasi kati ya migongo ya magurudumu, kwa OO, iwe 14.4 hadi 14.5 mm. Yakiachana mno, flanji (ukingo wa gurudumu) hugonga ncha ya makutano ya reli. Kwenye bogi za chuma, magurudumu yasiyopitisha umeme wa reli yawe upande mmoja kwa behewa zima. Ekseli moja ikigeuzwa, ni shoti.

Hayo yakishakaa sawa ndipo tuzungumzie uzito. NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, kinapendekeza, kwa HO, gramu 28 za kuanzia na 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la sentimita 15 linahitaji gramu 110 hivi, nazo zilale sakafuni, zisiwekwe juu.

Naomba ushauri ule urekebishwe, mkianzia kwenye skrubu.

Mpenzi wa treni za mfano