Bili ya hospitali haimnyimi kijana kibali, uongo kwenye fomu ndio unamnyima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna ushauri unazunguka kwa Waswahili tulioko huku Marekani na unawaharibia vijana maisha, na najua wazazi wao wengi wanasoma gazeti lenu. Kijana kashapata uraia, kaingia jeshini au kapata kazi kwenye kampuni yenye mkataba na serikali, anaambiwa ajaze fomu ya kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, fomu ile ya SF-86, akifika kwenye madeni anampigia simu kaka au shemeji na jibu ni lilelile, we usiandike, nani atajua.

Watajua! Wewe mwenyewe unasaini ruhusa wachukue ripoti yako ya mikopo, na mle mengi yamo na tarehe zake, kredit kadi iliyokwama, gari lililochukuliwa, bili iliyopelekwa kwa wakusanya madeni.

Juzi nimekaa na kijana wa jamaa yangu, laptop mezani, yuko sehemu ya 26. Wanauliza ndani ya miaka 7 iliyopita kama umewahi kuchelewesha deni zaidi ya siku 120. Ana bili ya emajensi ya kipindi hana bima, bahasha nyingine hata hajazifungua, na kashaweka "hapana". Nikamwambia rudi hapo weka "ndiyo", halafu kwenye nafasi ya maelezo andika kilichotokea, uliumwa, huna bima, hela hukuwa nayo. Tukapiga simu palepale kwa wanaodai, wakakubali alipe kidogo kidogo kila mwezi, nikamwambia waombe wakutumie hayo makubaliano kwa maandishi uyatunze.

Hiyo karatasi ndiyo inayookoa watu jamani. Muongozo ambao wanaoamua vibali wanautumia tangu Juni 2017 una vipengele 13, kila kimoja na herufi yake, mambo ya madeni yamo kwenye F, ukweli wa mtu umo kwenye E. Kwenye F hakuna kiasi kilichowekwa kwamba ukikifikisha basi umekosa, wanaangalia deni limetokana na nini na umefanya nini baada ya hapo, kama ni ugonjwa, talaka, kupoteza kazi au kuibiwa utambulisho, na umehangaika kulipa, wanakuhesabia. Kutowasilisha ritani za kodi kila mwaka ni habari nyingine, hilo linawaudhi sana. Ila ukidanganya makusudi umejiingiza kwenye E, deni lenyewe linakuwa dogo sasa, maana swali limekuwa huyu mtu akituambia kitu tumuamini? Na kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka 5.

Wengine wanasema wanaonea maskini, mimi siamini hivyo. Ronald Pelton alikuwa mfanyakazi wa NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, akafilisika 1979, Januari 1980 akaenda ubalozi wa Wasovieti kuuza siri. Aldrich Ames wa CIA naye alianza 1985 akiwa amebanwa na madeni, na kuna watu waliuawa kwa majina aliyoyatoa. Ndo maana wanachungulia mfuko wa mtu. Na kibali siyo haki ya mtu, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema 1988 kwenye kesi ya Egan, wakiwa na shaka na wewe wanakunyima.

Aliyekwisha kutuma fomu yenye uongo asikae akiomba Mungu, amtafute ofisa usalama wa kazini kwake arekebishe kabla hajaulizwa, muongozo unalitambua hilo, lakini ukisubiri mpaka mpelelezi akutolee karatasi mezani ndo useme ulisahau, hapo umechelewa. Na ikija barua ya sababu za kutaka kukunyima isome siku hiyohiyo, kwa wafanyakazi wa kampuni za mikataba ya ulinzi muda wa kujibu ni siku 20 tu, ujibu kila deni na risiti yake.

Nyie wazazi na ndugu wa nyumbani nawaomba na nyie, kijana akisema mwezi huu situmi kitu nalipa deni, muelewe, na msimsukume akope ili atume, maana huo mkopo nao utakuja kusomwa kwenye ripoti yake.

Msomaji wenu,
Marekani