Kabla ya kuchoma fenobabitoni, tazameni mkojo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauguzi na matabibu wenzangu wa zamu za usiku. Mtu mzima akiletwa na degedege, wengi wetu hukimbilia fenobabitoni. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu, lakini mwenye porfiria inaweza kumpoozesha, hata kumuua.

Huu ni ugonjwa nadra wa kurithi. Ini hushindwa kukamilisha utengenezaji wa himu, kemikali yenye madini ya chuma ambayo mwili huihitaji, na malighafi zinazorundikana huumiza neva. Fenobabitoni, fenitoini, kabamazepini, rifampisini na dawa za salfa huchochea shambulio. Kufunga kula na pombe vilevile. Afrika Kusini waliyaona haya: wazao wa wanandoa wa Kiholanzi waliooana Cape mwaka 1688 walirithi aina mojawapo, na baadhi yao walipooza baada ya kupewa thiopentoni ya usingizi.

Dalili hupotosha. Mgonjwa anagaagaa kwa maumivu ya tumbo, ila ukilibonyeza ni laini. Moyo unakwenda mbio, presha iko juu, sodiamu imeshuka, kisha anachanganyikiwa. Wengi ni wanawake vijana, na inauma sana kuona mtu anapasuliwa tumbo bure au anaambiwa ana mashetani. Mikono ikianza kulegea kuanzia mabegani, msimwache bila kumhesabia pumzi, kwani misuli ya kupumua nayo inaweza kupooza.

Kingeni mkojo kwenye vikopo viwili. Kimoja kiwekeni dirishani penye mwanga: ukigeuka mwekundu au kahawia ilhali kipimo cha kijiti hakionyeshi damu, shukuni porfiria. Usipogeuka, msiifute bado. Cha pili kifungeni foili kisipate mwanga, kiende maabara kupimwa pofobilinojeni, mojawapo ya zile malighafi zinazorundikana.

Degedege lenyewe lina dawa salama, nayo iko wodi ya wazazi: magnesi salfeti, ile ya kifafa cha mimba. Levetirasetamu pia inafaa. Wekeni dripu ya glukosi ya asilimia 10 pamoja na salaini, sodiamu ipandishwe polepole, na mofini msiibanie. Tiba yenyewe hasa ni hemini, yaani himu iliyotengenezwa kama dawa ya mshipani, miligramu 3 kwa kila kilo kwa siku, siku 4.

Hemini ni ghali. Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe inapatikana kwenye hospitali za rufaa za kanda, na orodha ya dawa hatari kwa wagonjwa hawa ibandikwe kila chumba cha dharura.

Muuguzi, Tanga