Barua kwa mwanangu: usiunge stima ya nyumba kwenye seng'enge

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Barua yako tumeisoma. Poleni sana kwa mahindi yaliyoliwa na tembo, najua uchungu wa kuamka na kukuta shamba lote limelala chini. Lakini uliposema jirani amejitolea kuvuta waya kutoka soketi ya jikoni hadi kwenye seng'enge ili kuwazuia tembo, nilishtuka. Tafadhali mwanangu, mwambie asiunge.

Ule ua wa umeme wa msitu wa Aberdare unaopita nyuma ya kwetu ulianza kujengwa mwaka 1989 ukakamilika 2009, karibu kilomita 400 kuuzunguka msitu. Una maelfu ya volti, na wenzako waliougusa mkiwa wadogo walilia kidogo wakarudi kucheza. Soketi yako ina 240 tu, ndiyo maana jirani anaona yake ni ndogo. Hiyo ndogo ndiyo inayoua watu.

Volti peke yake haikupi picha kamili. Tazama mkondo wa umeme unaopita mwilini, na muda unaokaa humo. Enajaiza, yaani kifaa kinachotia umeme kwenye ua kama ule, hupiga kisha hunyamaza. Simama karibu nayo utaisikia: tik, kimya, tik, kila baada ya sekunde moja hivi, na pigo lenyewe halifiki hata sehemu ya elfu ya sekunde. Linauma vibaya, mkono unaruka, lakini unapata nafasi ya kuachia. Stima ya nyumba hainyamazi. Kuanzia kama miliampea 10 (miliampea elfu moja ni ampea moja) misuli hukaza, vidole vikaushika waya na visifunguke hata ukitaka. Umande na jasho huzidisha. Miliampea 100 zikipita kifuani, moyo unaweza kuacha kusukuma damu ukabaki kutetemeka tu. Balbu ya wati 60 hutumia kama miliampea 250! Wala breka, ile swichi inayokata stima ikizidi, haitakuokoa, kwa sababu ile ya ampea 20 haioni tofauti kati ya mtu anayekufa na balbu iliyowashwa.

Sisemi ua wa enajaiza hauna hatari yoyote. Usiuguse kwa kichwa, na mwenye kifaa cha moyo kifuani akae mbali kabisa. Stima isipitishwe kwenye seng'enge yenye miiba, maana mtu akinaswa nguo atapigwa tena na tena hadi atolewe. Kule Afrika Kusini kakakuona wamekufa hivyo: akipigwa hujikunja, na wakati mwingine hujikunja akiwa ameuzingira waya wenyewe.

Mtoto akinaswa na stima ya nyumba, Mungu apishe mbali, usimshike. Kimbia uzime swichi kubwa. Usipoweza kuifikia, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Akiwa hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Hata akiamka na kucheka, mpeleke hospitali, kwa sababu kuungua kwa ndani hakuonekani kwenye ngozi.

Nipimie mzunguko wa shamba unitumie kwa simu. Nitanunua enajaiza ya sola iliyotengenezwa kwa kazi hii, nije nayo pamoja na waya laini na vyuma vya ethi, vile vya kupeleka umeme ardhini. Ninyi tafuteni nguzo, na mchague mahali penye unyevu pa kuvichimbia vile vyuma. Jirani naye aje tufunge pamoja, hata kwake tutamfungia.

Baba yako