Mmemzika Watson bila kuniambia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Hivi karibuni gazeti lako liliwasifu vijana wanaoandika hadithi za mashabiki mtandaoni, wale wanaochukua wahusika waliotungwa na mtu mwingine na kuwazulia visa vipya. Sifa hizo sizipingi. Mimi mwenyewe ni msomaji wao wa kila usiku. Nimestaafu ukutubi, macho bado yananitii, usingizi ndio umenikimbia. Nongwa yangu nao ni moja tu: lebo, yale maneno mafupi ambayo mwandishi huyabandika juu ya hadithi yake kueleza kilichomo.

Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kuandika kadi za katalogi. Kitabu kikifika mezani nakifungua, nasoma dibaji, napekua sura mbili tatu, ndipo nakipa namba. Katika uainishaji wa Dewey, ule mfumo wa namba za kupangia vitabu vya maktaba, fasihi ya Kiswahili ni 896.392, riwaya ya Kiingereza ni 823. Ukiteleza tarakimu moja tu, ukaandika 523, riwaya ya watu inakwenda kukaa na sayari na vimondo. Kitabu cha namna hiyo kimepotea kuliko kilichoibwa, maana kilichoibwa angalau kuna mtu anakisoma.

Mwaka jana nilifiwa na kaka yangu. Miezi ile sikutaka kusoma kifo cha mtu yeyote, hata wa kubuni. Nikaingia katika hifadhi moja ya hadithi za mashabiki, nikafanya jambo ambalo kadi zangu hazikuliweza asilani: nikachuja. Nilitaka Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, na rafiki yake Dkt. Watson, hadithi ya urafiki, iliyokamilika, na kila yenye kifo cha mhusika mkuu iondolewe machoni pangu. Ikajitokeza moja ya sura kumi na mbili. Mahali pa maonyo paliandikwa kwamba hakuna onyo linalohusika. Chini yake zilifuata lebo za mwandishi mwenyewe: faraja, nyepesi, wazee wawili na nyuki wao. (Holmes alipostaafu alifuga nyuki, kwa hiyo hapo nilijua niko na mtu aliyesoma.)

Nikawa nasoma sura mbili kila usiku, kwa kipimo, kama anayemeza dawa. Mwandishi anajua kuandika, haki yake simnyimi. Pana mahali Watson anatafuta miwani nyumba nzima huku ameipandisha kwenye paji la uso. Holmes, ambaye humsoma mgeni kwa tope la kiatu chake, ameiona tangu mwanzo. Ananyamaza. Anamwacha ainue mito, afungue droo, alaumu kila mtu, kwa sababu anapenda kumsikia akinung'unika. Nilicheka peke yangu gizani. Kaka yangu naye alikuwa hivyo hivyo kwa miwani.

Sura ya tisa inaanza hivi: "Tulimzika Watson siku ya Jumanne."

Niliigeuza simu kifudifudi, nikawasha taa, nikakaa.

Siku chache baadaye nilimwandikia mwandishi, kwa adabu, kumuuliza kwa nini hakuonya. Alinijibu upesi, na kwa adabu vilevile: angeweka onyo, mshtuko ungeharibika. Hapo ukutubi ukanipanda kichwani, kwa sababu suala lake lilikwisha kupata dawa zamani. Hifadhi kama Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009 na kupata tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi, mwaka 2019, ina maonyo makuu manne, na kifo cha mhusika mkuu ni mojawapo. Lakini waanzilishi wake walijua kuna waandishi wanaotaka kumshtua msomaji, wakawawekea mlango wao. Mwandishi anaruhusiwa kuchagua lebo isemayo kwamba ameamua kutotumia maonyo. Msomaji akiiona hiyo anajua mwenye nyumba hasemi kilichomo, aingie kwa hiari yake. Mimi ningeiona, ningepita, na tusingekosana na mtu. "Hakuna onyo linalohusika" ni kauli nyingine kabisa. Mwenye kuiandika anatamka kwamba amekagua na hamna kitu. Wa kwanza amenyamaza, wa pili amesema uongo, na wengi wanazichukua lebo hizi mbili kana kwamba ni pacha.

Kuna kanuni ya zamani miongoni mwa mashabiki: usipopenda, usisome. Naikubali kwa moyo wote. Atakaye kumuua Watson na amuue, hata mara mbili, mtungaji wake mwenyewe si alimtupa Holmes kwenye maporomoko mwaka 1893, halafu miaka kumi baadaye akamfufua? Ila kanuni hiyo haifanyi kazi nikiwa sijui kilichomo. Nitaachaje kusoma nisichokipenda ikiwa juu yake pameandikwa kitu ninachokipenda?

Kosa la pili ni la alama, na linanichosha zaidi ya linavyoniumiza. Mashabiki huweka mkwaju (/) kati ya majina mawili kuonyesha mapenzi. Ni desturi iliyotokana na majarida ya kuchapa ya mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni, miaka ya 1970, walipoanza kuandika Kirk/Spock, wahusika wake wawili. Kwa urafiki hutumika alama ya &. Mpangilio huo ni safi, wala hauhitaji maelezo ya mkutubi. Basi mimi natafuta Holmes & Watson, nafungua, na aya ya pili watu wameshabusiana. Sina ugomvi na busu. Nina ugomvi na mwandishi aliyeweka alama zote mbili kwa hadithi moja ili anase samaki wa pande zote. Wengine huorodhesha kila mhusika anayepita mlangoni, pamoja na mhudumu aliyeleta barua akaondoka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2021 hifadhi niliyoitaja iliweka kikomo cha lebo 75 kwa kazi moja. Sabini na tano! Kadi zangu zilikuwa na vichwa vya mada vitatu, na mkuu wangu aliuliza kwa nini visiwe viwili.

Mambo madogo nayapita haraka. Hadithi iliyoandikwa 1/1, yaani sura moja na imekwisha, kumbe mwandishi alisahau tu kusema kwamba nyingine zinakuja: huyo namsamehe, ni kisanduku kimoja kakiruka. Anayeteua Kiswahili kuwa lugha ya hadithi, ukifungua ni Kiingereza kitupu chenye "jambo" moja na "rafiki" mbili, huyo simsamehi. Za Kiswahili zenyewe ni chache, na mtu anayezitafuta hana haja ya kuzungushwa.

Niseme pia kwamba wapo watu wa kujitolea wanaounganisha lebo zenye maana moja, ili aliyeandika "John Watson" na aliyeandika "Dkt. Watson" wakutane mahali pamoja. Hawalipwi senti. Kazi hiyo naijua mikononi mwangu, maana sisi tulikuwa na kadi za "tazama", za kumwelekeza msomaji kutoka jina moja hadi jingine, na mtu hazioni mpaka zikosekane. Lakini hao huunganisha maneno, hawasomi hadithi. Hawawezi kujua kwamba ndani ya "nyepesi" mna jeneza. Anayejua ni mwandishi peke yake.

Wala sijifanyi malaika. Mwaka huu nilijipa moyo nikaandika ya kwangu, maneno elfu nne, Holmes na Watson usiku wa mvua, hakuna kesi, wanazungumza tu. Nikaipa daraja la watu wote, yaani hata mtoto aisome. Siku ya tatu msomaji mmoja akaniandikia: "Shikamoo. Hadithi nimeipenda, ila katika ukurasa wa pili Holmes anajidunga kokeini, na mdogo wangu wa miaka kumi ndiye aliyenionyesha." Nilishikwa na haya. Kwangu lile lilikuwa jambo la kawaida, ule mmumunyo wa kokeini wa asilimia 7 anaojidunga Holmes katika hadithi za asili, nimelizoea hata silioni tena. Nikaifungua hadithi, nikabadilisha daraja, nikaongeza lebo ya dawa za kulevya, nikamshukuru. Ilichukua muda wa kufunga kamba za viatu, na hadithi haikupungua utamu hata kidogo.

Kwa hiyo ninapowaomba vijana mnaowasifu wajaze sehemu ile kwa uangalifu, naomba kama mwenzao aliyewahi kukosea. Wakimaliza hadithi wasubiri hadi kesho, waisome kama wageni, kisha waandike lebo za hadithi waliyoiandika. Naona wengi hubandika lebo siku ya sura ya kwanza, wakati hadithi bado ni nyepesi kweli, wazee bado wako na nyuki, na mwandishi mwenyewe hajajua kwamba kuna atakayekufa. Hadithi inageuka, lebo inabaki na ujana wake. Sidhani wengi wao hudanganya kwa kukusudia. Hawarudi nyuma kutazama, basi.

Yule mwandishi wa nyuki sijamsamehe sawasawa. Ila mwezi uliopita nilizisoma sura nne zilizokuwa zimebaki, mchana, dirisha likiwa wazi. Holmes anaikuta ile miwani ndani ya mfuko wa koti la kufugia nyuki, na haimwambii mtu. Ni nzuri sana. Juu yake bado pameandikwa "nyepesi".

Ni mimi,
Mkutubi mstaafu