Dira ya Marehemu Mzee Wako

Nakuru,
Jumapili jioni.

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Sisi huku tu wazima, mvua imechelewa, na Mama Zuhura bado anakudai kanga zake. Kilichonishikisha kalamu ni lile gari la Mzee, Ford Model T ya mwaka 1915, lililokaa bandani zaidi ya miaka 40 likiwa makao ya kuku, na ambalo ameapa kulisikia likinguruma kwa magineto yake lenyewe, yaani kile kifaa cha sumaku kinachozalisha umeme wa cheche, bila betri, kabla hajafumba macho.

Unaijua magineto hiyo: sumaku 16 zimefungwa kwenye gurudumu zito la injini, nazo huzunguka mbele ya koili 16 (nyaya zilizoviringishwa) zilizotulia, nafasi kati yao ikiwa haizidi milimita moja. Sikuthubutu kuizungusha siku ya kwanza. Nilitoa plagi, nikamimina oili silindani, nikaiacha ilainike siku tatu, kisha nikafungua skrubu tatu za kile kituo kilicho juu ya giaboksi, umeme wa magineto unapotokea. Chini yake nikakuta nyuzi za pamba zilizonyonyoka kwenye mikanda ya gia, zimejikusanya kama sufi ya mto. Nikadhani nimemkamata mchawi. Mita nayo ilionyesha kuwa umeme unapita, ila hilo halikunituliza, kwa sababu koili nzima na koili iliyogusana na bodi husomeka karibu sawa. Shahidi wa kweli ni balbu, injini ikiwa inanguruma.

Juzi, basi, niliunganisha betri ya volti 6 kwenye upande wa betri wa swichi, nikarudisha nyuma wenzo wa cheche ili cheche ichelewe, nikashika hendeli kwa mkono wa kushoto bila kuizungushia kidole gumba, maana unaukumbuka mkono wa Kombo. Ikawaka mara ya tano! Kuku walitawanyika mpaka kwa jirani. Lakini balbu ya volti 12 niliyoiweka kati ya kituo kile na bodi ya injini ilitoa wekundu tu, kama kaa lililofunikwa na jivu; nikiongeza mafuta inachangamka kidogo, nikipunguza inazimika. Taa za gari hili, ambazo nazo hula umeme wa magineto, tangu zamani hufifia injini ikienda polepole, lakini hii imezidi.

Washukiwa ni wawili. Shafti ya injini ikilegea huzisogeza sumaku mbali na koili, ila niliisukuma mbele na nyuma kwa mtaimbo na haichezi sana. Zimebaki sumaku zenyewe, na Mzee amekiri, huku akitazama pembeni, kwamba zamani fundi mmoja alifunga betri moja kwa moja kwenye kituo cha magineto, jambo linaloua sumaku.

Sitaki kuishusha injini. Sumaku zaweza kuchajiwa humo humo kwa betri tatu za volti 12 zilizofungwa mfululizo na kugusishwa kwenye kituo hicho sekunde moja tu, lakini sharti kwanza dira iwekwe kando ya kituo na injini izungushwe taratibu mpaka sindano ilale sambamba na urefu wa gari, kwani sumaku zikikaa vibaya, umeme huo huo utazimalizia nguvu iliyobaki. Dira ya simu yangu hurukwa na akili ikikaribia injini. Ndipo nilipoikumbuka ile ndogo ya marehemu mzee wako, ya kasha la shaba. Nitaiondoa mbali kabla ya kugusisha waya, nakuahidi, na bado naona haya kuiomba.

Je, ingali kwa dada yako Lamu, au ilikwenda na jahazi? Utaniamini nayo? Yule dereva wa Changamwe bado hupokea vifurushi? Goti lako laendeleaje? Na hiyo betri ya tatu, unayo ya kuniazima, au nimwendee shemeji, ambaye lazima ataniuliza ile ya kwanza nitairudisha lini?

Ndimi swahiba wako,
mwenye oili hata kwenye karatasi hii.