Idd njema kutoka Amu (Lamu), na tupa ndani ya mkate

Assalamu alaykum mama zangu, baba zangu, ndugu na jamaa wa Mkomani na Langoni, wa Shela, Matondoni na Kipungani, nanyi wa ng'ambo ya maji, Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Idd Mubarak. Mola azitakabali saumu zetu na visimamo vyetu, awarehemu tuliokula nao futari mwaka jana na mwaka huu tukaikosa sauti yao barazani.

Tangu kuswali Idd watoto wananiandama uchochoroni: "Mkono wa Idd, ami!" Peremende zimekwisha, sarafu zimekwisha. Nyinyi wakubwa hamkuniomba, lakini wenu upo. Kikundi chetu cha maigizo kina michezo mitatu msimu huu, na wa kwanza ni Fumo Liyongo, kisa cha yule shujaa wetu wa kale, ndani ya Ngome.

Ramadhani nzima hatukuigusa ngoma. Baada ya tarawehe tulikaa barazani, dele la kahawa katikati, halua siku ilipopatikana, tukasoma maneno tu. Nawaambia, hakuna mtihani wa mchezo unaoushinda huo. Maneno yaliyokuwa yakipendeza kwa sababu tari lilikuwa nyuma yake, bila tari yalilala chini kama samaki aliyekosa maji. Kurasa nne tukazitupa. Mmoja wetu alinuna hadi kumi la mwisho, maana zilikuwa zake.

Kisa mnakijua, wengi wenu kwa ulimi wa bibi kabla hamjajua kusoma. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo, anamtia gerezani. Mama yake anampelekea chakula kizuri kila siku, kijakazi Saada akibeba, na kila siku walinzi wanakila chote wao, mfungwa wanamwachia makombo. Liyongo anatunga wimbo, anamwimbia Saada mbele yao: mwambie mama aoke mkate wa wishwa, yale makapi ya nafaka, katikati atie tupa ya kukatia chuma. Walinzi wanasikia wimbo tu. Mkate unapofika wanautazama, wanaukunjia pua, wanamtupia mwenyewe ale wishwa zake. Kisha usiku anaomba neno moja la mwisho kabla hajauawa, apigiwe ngoma ya gungu. Matari yanalia, upatu unalia, watu nje wanaitikia, naye ndani anakereza pingu.

Sasa fikirini tutauchezea wapi. Ngome hii ya Mkunguni ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19, na hadi 1984 ilikuwa jela. Si jela ya hadithi, ni jela yenyewe, yenye wafungwa wenye jamaa waliokuwa wakileta habari na chakula mlangoni. Wazee kadhaa watakaokaa mkekani mbele yetu wanaikumbuka hivyo. Liyongo alifungwa Pate, Ngome ya Amu haikuwapo wakati wake, na sitaki mtu atoke akisema tumewachanganya watoto. Lakini ukuta uliowahi kufunga watu una namna yake ya kurudisha sauti, na hiyo huwezi kuichora kwenye pazia.

Tulijaribu Shaabani, jioni moja. Mwigizaji ndani ya chumba, tupa ya kweli, chuma cha kweli. Kwa matari mawili, mkerezo ulisikika hadi langoni, na walinzi wote wangelazimika kuwa viziwi. Kwa matari manne na upatu, haukusikika kabisa, na hapo nikajua tumekosea upande wa pili. Maana ninyi mnaotazama lazima muusikie. Walinzi wasiusikie, ninyi muusikie. Basi wapigaji wamejifunza kuacha pengo dogo kati ya pigo na pigo, kama mtu anayevuta pumzi, na ndani ya pengo hilo tupa inapita mara moja. Kazi ya wiki tatu ni hiyo tu. Akiwauliza mtu kikundi hiki kinafanya nini mwaka mzima, mjibuni hivyo.

Na siwa, lile baragumu kubwa la enzi? Ile ya shaba imo makumbusho, na huko ndiko mahali pake. Yetu tumeiunda kwa bomba la plastiki na rangi. Mlio wake, Mungu atusamehe, bado ni wa bomba.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kwamba Liyongo ni wa kuimbwa, si wa kuchezwa. Sikumjibu pale pale, kwa adabu. Leo namjibu kwa taratibu. Mzee wangu, huyo Muhamadi Kijuma wa hapa hapa Amu, aliyekiandika kisa hiki kwa utenzi, alikuwa pia mchonga nakshi, mwandishi wa khati na bingwa wa ngoma. Mtu mmoja, mikono ile ile. Kirumbizi kinachezwa kwa fimbo na watu wanatazama nani amepiga na nani amekinga. Ngoma ya lelemama ya mama zetu ilikuwa na nguo zake, safu zake na mafumbo yake. Jukwaa hatukuletewa na jahazi la mtu.

Kina mama nao wamenikalisha kitako. Wanataka usiku mmoja wa wanawake watupu, waigizaji wanawake, wapiga matari wanawake, kama siku ya kupamba. Nimekubali, na nikiri kwamba nina wivu, kwa sababu mama wa Liyongo ndiye anayeoka ule mkate, na nadhani usiku huo ndio utakaokuwa mzuri kuliko zote, nami nitakuwa nje nikilinda viatu.

Mchezo wa pili ni ndugu watatu wanaogombania kuuza nyumba ya babu, zidaka zake za ukutani na daka lake la mlangoni. Mji wetu uliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, lakini urithi wa dunia haulipi ada za shule. Mtacheka, kisha mtatazamana. Wa tatu ni wa watoto, una punda.

Hatuanzi sasa. Masika yaja, na ua wa Ngome hauna paa. Tutaanza kusi likishashika, wageni wakiwa wachache na wavuvi wengi wakiwa nyumbani kwa ukali wa bahari. Tumechagua siku za mwezi mpevu: taa ya bure, na maji ya bamvua hujaa alasiri, vyombo vya Pate vikapita mlango wa bahari wa Mkanda bila kukwama. Wa Siyu na Faza, njooni na maji hayo, mlale kwa jamaa, mrudi na maji ya alfajiri. Kila mtu na mkeka wake. Punda wafungwe mbali, tafadhali. Mwaka jana mmoja alilia katikati ya kifo, na maiti akacheka.

Idd njema tena, nyumba kwa nyumba. Mkate wa wishwa tutauoka kweli, siku hiyo hiyo, na harufu yake itafika mkekani. Watoto wasije wakauomba. Una chuma ndani.