Barua ya wazi kwa Waziri wa Uvuvi wa Norway: huo uduvi ni chakula cha sili

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Pangani. Mwaka 2018 meli yenu ya utafiti, Dr Fridtjof Nansen, ilikuja kupima samaki katika bahari ya Tanzania, na kwa hilo twawashukuru. Taifa linalopima kabla ya kuvua naamini litanisikiliza nikimsemea mnyama wa mbali: sili, mnyama wa baharini anyonyeshaye, wa Antaktika, bara la barafu kusini kabisa mwa dunia.

Bibi yangu alinifundisha kutanda uduvi. Wawili mnashika ncha za khanga, mnaivuta majini polepole, kisha mnainua: maji yanachuruzika, uduvi wanabaki. Sili mla-kaa amezaliwa na khanga yake kinywani. Jina lake ni la makosa, maana yeye hali kaa. Magego yake yana vijino pembeni, na akifumba kinywa ya juu na ya chini yanaingiana kama chujio. Anagugumia maji yenye uduvi, anafumba, maji anayatoa. Zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake ni krili, yaani uduvi wa huko.

Na krili anaishi kwa barafu. Makinda yake hupitisha majira ya baridi chini ya barafu ya bahari, yakikwangua mwani unaoota upande wa chini. Barafu ikichelewa kuganda, malisho hakuna. Juu ya barafu hiyo hiyo sili hupumzika, huzaa mwezi wa Septemba na Oktoba, na kumnyonyesha mtoto kwa wiki tatu hivi. Magharibi mwa Rasi ya Antaktika msimu wa barafu umefupika sana. Mwaka 2023, kilele cha barafu ya bahari kuzunguka bara lote kilikuwa cha chini kuliko mwaka wowote tangu setilaiti zianze kuipima. Inaniuma kufikiria mama mwenye mtoto mchanga juu ya kipande kinachomeguka.

Joto linaloyeyusha barafu hiyo limeletwa na wengi. Uvuvi, Mheshimiwa, uko mikononi mwako. Meli za Norway huvua krili kuliko za nchi nyingine yoyote, wakawa chakula cha samaki wa kufugwa na vidonge vya mafuta. Kanuni iliyogawa tani 620,000 za krili za kila msimu kwa maeneo, ili meli zisirundikane pale sili na pengwini wanapotafuta chakula, iliachwa ikafa mwaka 2024 kwenye mkutano wa CCAMLR, Tume ya kimataifa inayosimamia viumbe wa bahari ya Antaktika, kule Hobart, Australia. Msimu uliofuata tani zote zilimalizika mapema, uvuvi ukafungwa kabla ya wakati wake.

Tume hukutana Hobart kila Oktoba. Nakuomba wajumbe wako wadai mgawanyo ule urudi, tena wenye kiwango cha chini zaidi kando ya Rasi. Waiunge mkono pia hifadhi ya bahari ya Rasi, ambayo Argentina na Chile waliipendekeza mwaka 2018 na mpaka leo haijapitishwa.

Naomba unijibu hadharani, kama nilivyokuandikia.

Mtoto wa wavuvi, Pangani